Unapopanua Nyumba Uani, Anza na Bomba la Moshi

Nyumba za vyumba sita zilizobaki Kariakoo sasa zinahesabika, ila mpangilio wake ni uleule wa zamani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Uani ndiko liliko jiko, choo, stoo na kamba za kuanikia. Na uani ndiko mwenye nyumba anakotupa macho akitaka chumba kingine cha kupangisha, stoo ya mizigo ya dukani, au ngazi ya kupandia ghorofa atakayoijenga mambo yakinyooka. Anaitwa fundi, futi inatandazwa, wanakubaliana tofali na mifuko ya saruji. Bomba la moshi linakumbukwa siku ukuta umefika kwenye lenta. Linakatwa, linapindwa mara mbili kuukwepa ukuta mpya, linachomozwa nje kwenye kitundu kilichotobolewa jioni hiyohiyo. Wiki inayofuata dari ya chumba kipya ina doa jeusi, na mpishi anafuta macho kwa upindo wa khanga.

Mimi nina kanuni moja tu katika jambo hili: chora kwanza njia ya moshi, ndipo uchore chumba. Chumba kinakubali kupunguzwa futi mbili au kusogezwa upande. Moshi haukubali.

Sisemi juu ya jiko dogo la mkaa linalobebwa mkononi na kuwekwa popote penye upepo. Nasema juu ya jiko lililojengwa: jiko la kuni au mkaa la tofali lenye bomba lake, jiko la mama anayepika wali na maharage ya kuuza, tanuri la mikate, au jiko la mgahawa ulio chini ya nyumba. Hayo yana moto mkubwa kwa saa nyingi, na bomba lake ni sehemu ya jengo sawa na nguzo.

Kwanza tuelewane kwa nini moshi unapanda. Unapanda kwa kuwa ni wa moto, kwa hiyo ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Nguvu yake inatokana na mambo mawili: kimo cha bomba kutoka motoni hadi mdomoni, na tofauti ya joto kati ya moshi ulio ndani na hewa iliyo nje. Hapo ndipo mji wetu unapoachana na nchi za baridi ambako vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa. Chukua bomba la mita 4 lenye moshi wa nyuzi 150. Nje kukiwa na nyuzi 0, bomba linavuta vizuri. Bomba hilohilo na moshi uleule, nje kukiwa na nyuzi 30 kama mchana wa Januari hapa Kariakoo, nguvu ya kuvuta inapungua kwa zaidi ya robo. Basi kimo ulichokiona kwenye video ya fundi wa Canada kichukulie kuwa ndiyo chini kabisa, na hapa uongeze. Tena ndiyo sababu bomba lenye kona tatu linaloonekana kufanya kazi kwenye video hiyo linaweza kukushinda wewe.

Jambo la pili ni upepo, na Kariakoo upepo una vituko vyake. Kwa msimu tunaujua: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki, kisha kusi ukitokea kusini mashariki katikati ya mwaka. Lakini uani kwako hautafika huo upepo wa baharini kama ulivyo. Ukigonga ukuta wa ghorofa nane za jirani unagawanyika, sehemu yake inashuka na ukuta na kuingia uani kutoka juu. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya ukuta huo, upepo unausukuma moshi kurudi ulikotoka. Watu husema jiko limeharibika. Jiko halina kosa, jirani amejenga.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, tafuta fito ndefu, funga kipande chepesi cha khanga kuukuu kwenye ncha, uisimamishe pale unapodhani bomba litatokea, kwa kimo kilekile. Kiangalie asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa siku kadhaa. Kitambaa kikilala upande mmoja, hata kama ni kwa nguvu, hapo panafaa. Kikining'inia na mara kwa mara kushuka na kujizungusha kwenye fito, hapo hapafai, na hakuna kofia ya bomba itakayopatengeneza kabisa. Na kama kiwanja cha jirani bado kina nyumba ya chini, usipange ukadhani atabaki chini. Kariakoo hakuna anayebaki chini.

Ukishajua pa kutokea, una njia tatu.

Ya kwanza ni kuliacha bomba pale lilipo, linyooke vilevile, na chumba kipya kilizunguke. Unajenga kisanduku cha tofali kuanzia sakafuni hadi juu ya paa, bomba likipita katikati bila kugusa. Utapoteza eneo dogo la chumba, kama la kabati, lakini umebaki na bomba lililonyooka. Watu wengi hawaipendi kwa kuwa inakula nafasi ya mpangaji. Mimi naipenda, kwa sharti moja: ndani ya kisanduku kusiwe na maungio yasiyofikika. Acha mlango mdogo wa chuma upande wa uani, si upande wa chumba cha kulala, ili masizi yatolewe.

Ya pili ni kuhamisha jiko lenyewe. Hii ndiyo wenye nyumba huikataa kabla ya kuifikiria, na mara nyingi ndiyo ya gharama ndogo kuliko zote. Jiko la tofali linajengwa upya kwa siku chache, na tofali nyingi za zamani zinatumika tena. Bomba refu lililopindwa utalihudumia maisha yote. Jiko likihamia kona ya ua iliyo upande unakokwenda upepo, bomba linapanda wima, na chumba kipya kinakaa pale jiko lilipokuwa. Kabla ya kumwambia fundi apinde bomba, muulize kuhamisha jiko ni kiasi gani. Muulize mbele ya anayepika, maana yeye ndiye ajuaye kama kona ile ina maji karibu na kama sufuria kubwa litapita.

Ya tatu ni kulipinda bomba. Ukilazimika, kuna vipimo visivyojadiliwa. Kona zisizidi mbili, na kila moja iwe ya mlalo wa nyuzi 45, si kiwiko cha nyuzi 90. Kipande kinacholala kisizidi robo ya kimo kinachosimama, na hata hicho kisilale kabisa: kiinuke kwa sentimita 2 angalau katika kila mita kuelekea mdomoni. Anza na kipande kilichosimama juu ya jiko kabla ya kona ya kwanza, moshi upate mbio. Na bomba lisipungue unene popote njiani. Jiko lililotengenezewa bomba la inchi 6 ukiliunganishia la inchi 4 kwa sababu ndilo lililobaki stoo, nafasi ya moshi imebaki chini ya nusu. Kwa macho tofauti ni inchi mbili tu, ndiyo maana kosa hili ni la kawaida mno.

Sasa bati lenyewe. Ukienda Gerezani kwa mafundi wa chuma, wa kwanza atakuonyesha bati la kuezekea lililokunjwa mviringo, rahisi na linang'aa. Usilichukue kwa sehemu iliyo karibu na moto. Mng'ao ule ni zinki, na zinki haitakiwi kupata joto la kudumu la zaidi ya nyuzi 200. Likizidi, rangi inachujuka, linatoa mvuke usiofaa kuvutwa, kisha linaoza. Tena bati la paa ni jembamba. Wanaouza mabati wanajua geji 30 na geji 28, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Kwa bomba la moshi taka geji 24 au nene zaidi ya hapo: chuma cheusi kwa kipande cha ndani kilicho juu ya jiko, na stenlesi kwa kipande cha nje ikiwa mfuko unaruhusu, kwa sababu hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na chuma. Alumini isitajwe kabisa. Inayeyuka.

Angalia na maungio. Bomba la juu liingie ndani ya la chini, si kinyume chake. Fundi atakwambia maji ya mvua yataingia, na ana hoja. Lakini moshi wa kuni unapopoa unaacha umajimaji mweusi kama lami ndani ya bomba, na umajimaji huo unateremka. Bomba la chini likiwa ndilo limeingia ndani ya la juu, unatoka kwenye kila ungio na kuchora michirizi kwenye ukuta wako mpya uliopigwa rangi juzi. Maji ya mvua yazuie kwa kofia juu na kwa kuziba maungio ya nje. Kila ungio likazwe kwa skrubu tatu za chuma, maana bomba linaloshikwa na masizi peke yake huachana siku linaposafishwa.

Kwenye paa ndipo moto unapoanzia. Bomba la bati moja linataka nafasi ya sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote: kenchi, papi, dari ya ubao. Mbao iliyo karibu zaidi ya hapo haiwaki siku ya kwanza. Inakauka mwaka hadi mwaka kwa joto dogo, mpaka siku moja inashika kwa joto ambalo zamani isingelisikia. Usipoweza kupata nafasi hiyo, kata papi, weka fremu ya chuma kuzunguka bomba, na kipande cha bati kinachozunguka bomba juu ya paa kiingizwe ukingo wake wa juu chini ya bati la paa, ukingo wa chini ulale juu yake. Fundi akiziba kwa saruji peke yake, masika ya kwanza utaweka ndoo.

Mdomo uishie wapi? Mafundi wa Marekani wana kipimo chepesi kukumbuka: angalau sentimita 90 juu ya pale bomba linapotoboa paa, na angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Kipimo hicho ni cha majirani wa kawaida. Ukiwa umebanwa na ghorofa, rudi kwenye kile kitambaa cha khanga. Pia tazama waya wa TANESCO unaoingia nyumbani kwako. Bomba jipya lisiusogelee, na waya ukiwa njiani waombe wao wauhamishe. Asiupindishe fundi.

Kofia ya juu iwe na wavu. Dar es Salaam ina kunguru wasiolala, na bomba lililokaa siku chache bila moto ni kiota kilicho tayari, na vijiti na vipande vya waya vinashuka hadi kwenye kona yako ya nyuzi 45. Matundu ya wavu yawe ya nusu inchi hivi. Madogo kuliko hayo yanajaa masizi na kuliziba bomba mdomoni, na usiku hutalijua hilo.

Bomba la zamani linaloachwa lisiachwe limesimama. Litolewe kuanzia juu kushuka chini, matanki ya maji yakiwa yamefunikwa, maana masizi ya miaka yataangukia yote. Likiwa la tofali, fundi mwashi aangalie kwanza kama kuna ukuta au boriti inayoliegemea. Na likiwa bomba la kijivu lililofanana na saruji, jepesi kuliko linavyoonekana, simamisha kazi. Huenda ni saruji yenye asbesto, iliyotumika sana zamani kwa mapaa na mabomba. Lisikatwe kwa grenda wala kuvunjwa kwa nyundo. Vumbi lake ni nyuzinyuzi zinazokaa kwenye mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Lilowanishwe, litolewe zima, lifungwe kwenye karatasi ya plastiki, na uulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, au ofisi ya mazingira ya halmashauri lipelekwe wapi. Anayelitoa avae barakoa ya vumbi ya kweli. Ya kitambaa haitoshi.

Kuna kosa jingine ambalo halihusu bomba kabisa, na ndilo baya kuliko yote: kufunika ua. Katika nyumba ya vyumba sita ukumbi wa katikati ni njia ya upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani. Ua ukiwa wazi, moshi unapaa na kupotea. Ukiezeka ua wote kwa mabati ili upate vyumba viwili, moshi wowote unaovuja unakutana na paa, unageuka, unapita ukumbini na kuingia kwa wapangaji waliolala. Pamoja na moshi inakwenda monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mkaa huitoa kwa wingi hata ukiwa mwekundu bila moshi wowote. Kichwa kinauma, mtu analegea, anadhani ni joto. Kwa hiyo acha angalau sehemu moja ya ua juu ya jiko na mbele yake ikiwa wazi, na jikoni weka matofali ya matundu karibu na sakafu. Bomba haliwezi kutoa moshi kama hakuna hewa inayoingia kujaza nafasi. Jiko lililofungwa dirisha na mlango kwa ajili ya wezi litatoa moshi mlangoni hata bomba lake liwe la mita 10.

Kama nyumba ina jenereta, bomba lake lisiunganishwe kamwe na la jiko, hata kama linapita ukuta uleule. Na mgahawa ukiwa chini, ule unaokaanga chipsi kutwa, bomba lake linabeba mafuta yanayoganda ndani. Linataka mlango wa kusafishia katika kila kona na msafishaji wa kila mwezi. Mafuta yaliyoganda yakishika moto ndani ya bomba, moto unapanda ghorofa zote kabla watu hawajajua kinachowaka.

Wengine wataniuliza: kwa nini kujihangaisha na bomba, si tununue gesi tu? Ni swali zuri. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na nyumba unayoipanua leo itakuwa bado imesimama mwaka huo. Lakini usidhani jiko la mkaa ukilitoa na kuweka la gesi mahali pake umemaliza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenye bomba lako la zamani, inatuama sakafuni kusubiri kiberiti. Yale matofali ya matundu ya chini ndiyo yatakayokuokoa, kwa hiyo yajenge sasa, hata kama gesi ni ya baadaye. Na mtungi ukae nje ya ukuta, penye kivuli.

Kuhusu vibali nitasema machache. Kariakoo iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu kuendeleza kiwanja bila kibali. Mchoro unaoupeleka uonyeshe bomba: linapoanzia, linapopita, linapoishia. Michoro mingi haionyeshi, na ndiyo maana bomba linabuniwa na fundi juu ya ngazi. Ukitaka kupandisha ghorofa, tafuta mhandisi aliyesajiliwa. Tangu jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, hakuna tena udhuru wa kumuuliza fundi mwashi kama msingi utabeba. Kisha panda kwa jirani. Kunywa chai yake, mwonyeshe dirisha lake liko kimo gani na mdomo wa bomba lako utakuwa kimo gani, wote mkiwa mmesimama palepale. Akikubali, andikishianeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Malalamiko ya moshi yakifika huko kazi ikiwa imekwisha, utakayeambiwa uvunje ni wewe.

Kazi ikikamilika, usimmalizie fundi malipo kabla ya kuwasha. Choma kwanza karatasi chache chini ya bomba ili lipate joto, kisha washa moto wa kawaida kwa saa nzima, milango na madirisha ya jikoni yakiwa kama yatakavyokuwa siku zote, na feni ya kuvuta hewa ikiwashwa kama ipo. Chukua udi unaofuka, uusogeze kwenye kila ungio, kwenye mlango wa jiko na kwenye mlango wa chumba kipya. Moshi wa udi ukivutwa kuelekea jikoni, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa nje kwenye mlango wa jiko, halifanyi, hata liwe zuri namna gani kwa nje. Gusa dari na ubao ulio karibu na bomba. Usipoweza kuuacha mkono hapo, nafasi haitoshi. Rudia jaribio hilo mchana wa jua kali na jioni yenye upepo, ikiwezekana mbele ya fundi mwenyewe.

Fundi anayekwambia huna haja ya kujaribu kwa sababu amejenga mabomba mengi, mwambie asubiri hela yake mpaka udi uwake.